Kaboni haishiki kutu, lakini Kisumu nani ataisikia ikipasuka?

Jumapili soko la Kibuye hujaa hadi likamwagika barabarani, na ilikuwa Jumapili kama hiyo niliponunua baiskeli yangu ya kwanza ya kaboni. Ya mtumba, nyeusi tii, imekuja kwa meli kutoka Ulaya. Muuzaji aliinyanyua kwa vidole viwili, akaizungusha hewani watu wakitazama, akaniambia, "Kaka, hii inyeshewe mwaka mzima, kutu haitaijua." Hapo alisema kweli tupu. Mimi nilikulia kwenye keria ya Black Mamba ya baba, ile baiskeli nzito ya chuma ya kubebea mizigo, na uzito wa chuma niliujua kwa mabega, kwa hiyo sikuuliza swali la pili.

Miezi minane baadaye, nikiteremka kutoka kilima cha Riat, niliingia shimo ambalo mvua ya usiku ilikuwa imelijaza maji. Nikasikia mlio mdogo chini ya miguu, kama ganda la njugu linalokanyagwa. Nikasimama kando ya barabara, nikapapasa fremu kuanzia usukani hadi gurudumu la nyuma. Rangi nzima, mkwaruzo wowote wa maana hakuna. Nikapanda, nikaenda nyumbani. Nikaiendesha siku mbili zaidi, na katika siku hizo nikateremka tena Riat kwa kasi ileile. Nikiikumbuka safari ile ya pili mwili unanisisimka hadi leo.

Aliyenishusha ni fundi wangu karibu na Kondele, mzee ambaye amekaa chini ya mwembe mmoja tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nilimpelekea breki tu. Alipoigeuza baiskeli miguu juu, mkono wake ukasita pale paipu ya chini inapokutana na ekseli ya pedali. Akatoa sarafu ya shilingi kumi mfukoni, akaanza kuigonga fremu taratibu, akishuka sentimita kwa sentimita. Ti, ti, ti, ti. Kisha: tu. Akarudi nyuma. Ti. Akasogea mbele. Tu.

"Umesikia, kijana wangu?"

"Nimesikia, Mzee."

"Ndani hapa pameachana. Chuma kikivunjika mimi nakiona. Hiki kimevunjika na bado kinanitazama usoni."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma, kuuliza na kupima. Nimegundua kwamba mabishano yetu kuhusu kaboni na chuma, kila jioni vijana wa baiskeli wanapokutana, yanaanzia mahali pasipofaa. Tunauliza kipi kigumu zaidi. Swali linalomhusu mtu wa Kisumu, Busia au Kakamega ni jingine: kitu hiki kikianza kuharibika, nani aliye karibu anayeweza kujua, na nani anayeweza kukirudisha?

Nianze kwa kuwatetea wenye kaboni, kwa sababu wengi wetu tunaitukana bure. Watu husema ni plastiki. Si plastiki. Ni nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ya epoksi. Njia ya kutengeneza nyuzi zenye nguvu kiasi hicho iliendelezwa Farnborough, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya ndege. Muongo huohuo, mpakani Busia, vijana wetu walikuwa wanabeba abiria kwa baiskeli za chuma kutoka kituo cha upande mmoja wa mpaka hadi cha pili, wakipaza sauti "boda, boda", na jina likakaa. Teknolojia hizo mbili zilikua pamoja bila kujuana, na zimekuja kukutana Kibuye miaka sitini baadaye.

Kwa kustahimili kuchoka, kaboni inakishinda chuma, na tukubali hivyo bila kununa. Kuchoka kwa maana ya wahandisi ni kile unachokifanya ukitaka kukata waya bila koleo: unaupinda huku, unaupinda kule, hadi unakatika ingawa hakuna mpindo mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata. Chuma kina mpaka. Chini ya mpaka huo unaweza kukipinda mamilioni ya mara na hakitahesabu. Ukiuvuka, kila pigo linaandikwa na siku moja deni linadaiwa. Alumini haina mpaka kama huo, inahesabu kila kitu. Nyuzi za kaboni zenyewe hazichoki kwa urahisi, na fremu iliyolazwa vizuri huvumilia mizunguko ambayo chuma chembamba hakiwezi. Mwaka 1997 jarida moja la baiskeli la Ujerumani lilipeleka fremu 12 za bei ya juu kwenye mashine ya kuzichosha. Tatu ndizo zilizomaliza bila kuvunjika: mbili za alumini na moja ya kaboni. Za chuma zote zilipasuka.

Nikiwaeleza wazee habari hiyo hawaniamini. Lakini tazama ni chuma gani kilichopasuka. Kilikuwa chuma cha mashindano, paipu zilizokunwa hadi katikati zikabaki na unene wa nusu milimita hivi ili kuokoa gramu. Hicho na Black Mamba vinafanana jina tu. Reynolds wa Birmingham walianza kuuza paipu zao maarufu za 531 mwaka 1935, chuma chenye manganizi na molibdenamu, na waendesha baiskeli wa Ulaya wakazipenda kwa sababu ziliruhusu fremu kuwa nyembamba na nyepesi. Paipu za Black Mamba hazijawahi kuota ndoto hiyo. Ni chuma laini, nene, kilichochomekwa ndani ya soketi na kuunganishwa kwa shaba, na baiskeli nzima hufika kilo 20 na zaidi. Baiskeli ya mashindano inaruhusiwa na UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, kushuka hadi kilo 6.8 kamili na magurudumu yake. Ukiweka tatu za namna hiyo kwenye mizani ndipo unapoipata moja ya baba yangu.

Unene huo ndio siri yenyewe. Fremu nzito kiasi hicho, ikibebeshwa mzigo wa kawaida, haifiki kwenye mpaka wa kuchoka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4210 kinataka fremu ivumilie misukumo mizito ya pedali mara 100,000 bila ufa. Namba inasikika kubwa. Sasa fanya hesabu ya mwanaboda wa baiskeli: akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, kwa saa ni 3,600, akiendesha saa sita kwa siku ni 21,600. Siku ya tano, kabla ya jua kutua, ameshapita 100,000. Bila shaka msukumo wake wa kawaida ni mdogo kuliko ule wa mashine ya majaribio, ambao kwa baiskeli za mashindano ni kama mtu wa kilo 110 kasimama juu ya pedali moja. Ila mpandishe nyuma gunia la mahindi la kilo 90, halafu apande mlima, na uone kama hatasimama juu ya pedali. Watengenezaji wengi wa fremu za kaboni huandika kikomo cha uzito karibu na kilo 120, mtu na mizigo yake. Kwetu gunia na mwenye gunia tayari wamevuka.

Baba yangu alivuka kila siku ya soko. Fremu yake ilipasuka mara mbili ninazokumbuka, zote pale chini ya kiti ambapo keria inavuta. Mara zote mbili ufa ulitangulia kujitangaza: rangi ilianza kuwa na mstari wa kahawia kama mtu kaupiga kalamu, kisha baiskeli ikaanza kulia kila ikikanyagwa, kisha ikaanza kuyumba kiuno. Ilichukua wiki. Baba alikuwa na wiki nzima ya kusikia malalamiko ya chuma kabla chuma hakijamwangusha. Nyuzi za kaboni zikivutwa hukatika zikiwa zimerefuka kwa asilimia 2 au pungufu, wakati chuma laini kinaweza kurefuka asilimia 20 kabla ya kukubali kukatika. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo tofauti kati ya kupinda na kupasuka, kati ya mtu kurudi nyumbani akisukuma baiskeli yake na mtu kurudi akibebwa.

Nilikuwepo mara ya pili fundi alipoitengeneza. Alikwangua rangi kwa tupa hadi chuma kikang'aa, akapaka boraksi iliyokorogwa kwa maji, akawasha gesi na kuuzungusha moto pole pole pande zote mbili za ufa. Chuma kikawa chekundu kama tunda la mbuni, kisha cha machungwa. Karibu digrii 900 fimbo ya shaba ikayeyuka, na hapo hakuna aliyeisukuma: ilinyonywa yenyewe ikaingia ndani ya soketi, ikaizunguka paipu, ikatokea upande wa pili kama pete nyembamba ya dhahabu. Baba alilipa, akangoja ipoe, akapakia gunia lake. Fremu hiyo ingali inatumika na binamu yangu huko Nambale.

Kwa hiyo chuma kimeshinda? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wangu. Chuma kina ugonjwa wake na sisi tunaulisha. Maji huingia kupitia bomba la kiti, yanashuka, yanakusanyika kwenye kikombe cha ekseli ya pedali, na huko yanakaa hadi mvua nyingine. Nje rangi inang'aa. Ndani kutu inakula kama mchwa kwenye nguzo. Wabeba samaki wa Dunga, ufukoni mwa ziwa, wanajua zaidi: maji ya barafu yanadondokea paipu za nyuma kila asubuhi, na paipu hizo ndizo huoza kwanza. Wanaobeba mbolea wako vibaya kuliko hao, kwa kuwa vumbi la mbolea likikutana na unyevu hukila chuma kwa pupa. Hata jasho lina chumvi, na katika joto la Kisumu paipu ya juu hunyeshewa jasho hata wakati wa kiangazi. Fundi wangu hutoboa tundu dogo chini ya kikombe hicho ili maji yatoke, kisha humimina oili chafu ya injini ndani ya fremu, akaigeuza kila upande mpaka paipu zote zipakwe. Kazi ya nusu saa. Nimewauliza wenye Black Mamba wengi na wachache mno ndio waliowahi kuomba ifanyike. Tunasema chuma hudumu milele, kisha tunakiacha kioze ndani kwa uvivu.

Na kuna uharibifu mwingine unaofanywa kwa nia njema. Fremu nzuri za chuma chembamba nazo zinakuja kwa mtumba siku hizi, na zikipasuka vijana huzipeleka kwa mtu wa kuchomelea mageti. Mashine ya umeme inayounganisha nondo ya dirisha haijui kucheka na paipu ya nusu milimita. Nimeona moja imetobolewa kama ungo, na ile sehemu iliyobaki pembeni ya weldi ikawa ngumu na kavu, ikakatika wiki iliyofuata sentimita moja tu kutoka palipotengenezwa. Kwa fremu ya aina hiyo, kauli kwamba chuma hutengenezwa popote ni uongo. Hutengenezwa popote kikiwa kinene. Kikiwa chembamba kinahitaji gesi, shaba na mkono uliotulia, na mikono hiyo inapungua kila fundi mzee anapofunga sanduku lake.

Turudi kwenye kaboni. Kaboni haifi kwa kuchoka; inauawa kwa kugongwa, kubanwa na kupuuzwa. Jiwe la murram lililoruka kutoka gurudumu la lori. Baiskeli iliyofungwa kwa kamba juu ya matatu, fremu ikasagana na chuma cha keria kutoka Nakuru hadi hapa. Kijana aliyekaza bolti ya bomba la kiti kwa nguvu zake zote, wakati bolti hizo kwa kawaida hutaka nyutonimita 5 tu, ambazo ni mkazo wa vidole kuliko wa mkono. Tabaka huachana ndani huku ngozi ya nje ikibaki laini. Jua letu nalo haliyeyushi gundi kama wengine wanavyotisha, lakini vanishi ikibambuka miale hula gundi ya juu polepole, kwa hiyo fremu iliyobambuka isiachwe juani miaka. Na pale alumini inapogusana na kaboni kwenye unyevu wenye chumvi, alumini huliwa. Ndiyo maana bomba la kiti hukwama ndani ya fremu hadi likang'olewa kwa msumeno. Zile fremu za kaboni za miaka ya 1980 na 1990, paipu zilizogandishwa kwa gundi ndani ya soketi za alumini, huachia hapo hapo. Greg LeMond alishinda Tour de France mwaka 1986 juu ya fremu ya kizazi hicho, na kwa mshindi wa mbio ilitosha kabisa. Aliitaka kwa msimu, hakuitaka kwa maisha.

Hilo ndilo linalosahaulika tunapotazama mbio. Biniam Girmay wa Eritrea alipotwaa hatua tatu na jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024, na mashindano ya dunia yalipofika Kigali Septemba 2025, yakiwa ya kwanza Afrika, moyo wangu ulijaa kama wa kila mtu. Vijana wetu wakaanza kuzitaka baiskeli zile. Ninawaelewa kabisa. Lakini nyuma ya kila baiskeli ile kuna gari la mafundi, kuna fremu ya akiba juu ya paa, na msimu ukiisha kuna fremu mpya. Vivyo hivyo na ndege. Watu huniambia, mbona Dreamliner ya Kenya Airways, nusu ya uzito wake ni mchanganyiko wa nyuzi kama hizo, na inaruka tangu 2014? Kweli inaruka. Na inakaguliwa na watu waliosomea, wenye vifaa vya kupiga mawimbi ya sauti ndani ya ngozi ya ndege na kusoma kinachorudi. Kaboni inadumu ikiwa na msomaji wake. Fremu ya Kibuye imeachwa na wasomaji wake Ulaya, ikavuka bahari bila hata karatasi moja inayoeleza iligongwa wapi, na tunainunua kwa kuinyanyua kwa vidole viwili.

Kwa kijana anayeanza mbio leo, mwenye fedha za fremu moja tu na asiye na timu, ningemshauri achukue chuma kizuri cha unene wa wastani, au alumini mpya kama hawezi kukipata, na fedha zinazobaki aziweke kwenye tairi. Akishikilia kaboni ya mtumba, asikubali kulipa kabla bomba la kiti halijatolewa na kurunzi kumulikwa ndani. Agonge kwa sarafu kila sehemu, hasa kwenye kichwa cha fremu, kwenye ekseli ya pedali na paipu nyembamba za nyuma. Auvue uma wa mbele autazame shingoni, kwa maana uma ukikatika hakuna nafasi ya pili, uso ndio unaofika chini kwanza. Muuzaji akikataa baiskeli isifunguliwe, kijana aondoke. Sarafu haioni kila kitu, na palipo panene mlio hubadilika hata bila ubovu, lakini mimi ingeniokoa siku mbili zile.

Kinachonikera ni kuambiwa kwamba ikipasuka ni ya kutupa. Si kweli. Ulaya na Marekani zipo karakana zinazotengeneza kaboni kila siku: wanakwangua tabaka moja baada ya jingine kwa msasa hadi wafike penye uzima, wanalaza kitambaa kipya kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za zamani, wanakinyonya hewa, wanakikausha kwa joto lililopimwa. Na nusu ya ujuzi huo tunao. Nenda kwenye magereji wanakotengeneza bodi za matatu uone vijana wanavyoziba bampa kwa faiba: wanajua kuchanganya gundi na kikaushio, wanajua kitambaa kikilowa vizuri kinabadilika rangi, wanajua povu la hewa ni adui. Wanachokosa ni kujua nyuzi zielekee wapi, na kujua kwamba bampa likiachia hakuna anayekufa. Taasisi za ufundi za hapa kwetu zingeweza kuwakutanisha hao na mafundi wa baiskeli kwa wiki chache, na gharama yake kubwa ingekuwa gundi.

Sikungoja taasisi. Mwezi uliopita nilimpeleka kijana mmoja wa faiba kwa Mzee, pamoja na fremu yangu. Tulikubaliana kwamba mimi sitaipanda tena, hata ikitengenezwa, kwa hiyo tungeweza kuikata. Mzee alifunga kitambaa puani kwa sababu vumbi la kaboni ni baya kifuani, akapitisha msumeno pale sarafu iliposema tu. Ndani palikuwa pameachana kama magamba ya kitunguu kikavu: tabaka tatu za nje nzima, halafu nafasi ya kuingiza ukucha, halafu tabaka zilizovunjika zikiwa na ncha kama sindano. Kijana wa faiba aliinama akazitazama muda mrefu, akazihesabu kwa kidole, akachora kwenye kipande cha boksi upande ambao kila tabaka lilielekea. Tabaka nne, kasema, zinakwenda mshazari, mbili zinanyooka na paipu.

Mzee ameomba abaki na nusu moja. Ameitundika kwenye tawi la mwembe kando ya cheni kuukuu, na kila anayeleta baiskeli ya kaboni huionyeshwa kwanza, sehemu iliyokatwa ikimtazama, kabla sarafu haijatoka mfukoni.